Nchi Zenye Macho

Blauwgrond, Paramaribo
7 Septemba 1975

Roshnie rafiki yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Babu yangu amekubali kwenda Uholanzi.

Najua utasema, sasa siri iko wapi? Siri ni kwamba huko Hoogezand waliko Baba, Mama na dada yangu Ngatmi, wote wanaamini amekataa. Wanaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaandikia.

Walipoondoka mwaka jana waliniachia kazi moja: nimalize shule, nimshawishi babu, Mbah wetu, tuwafuate kabla ya siku ya uhuru wa Suriname. Unajua watu wanavyosema siku hizi, kwamba baada ya Novemba mlango wa Uholanzi utafungwa na atakayekutwa huku ndiyo kabaki huku. Nilijiandaa sana namna ya kumwuliza. Unanijua. Hata ruhusa ya kwenda chooni nilikutuma wewe ukaniombee kwa mwalimu. Mwishowe nikamwuliza Mbah akiwa anachonga mpini wa jembe, na hakuinua hata kichwa. Akasema, "Twende. Safari ya kwanza, kutoka Java, nilipandishwa meli kwa karatasi nisiyoweza kuisoma, naenda nisikokujua. Hii ya pili naenda kwa mwanangu. Ugumu uko wapi?" Akaendelea kuchonga.

Kumbe siku zote nilikuwa namngoja akatae. Kesho yake nikaandika: Mbah hataki.

Asiyetaka ni mimi, Roshnie. Hapa nikinyamaza watu wanajua ni Minah, ndivyo alivyo. Huko nitakuwa bubu tu. Na kuna jingine. Tangu tumalize shule nafanya kazi kwa Bwana Tjon, mchora vibao. Shule moja ya misheni imemwagiza majina ya nchi za dunia, watoto wayabebe kwenye maandamano asubuhi ya uhuru, kana kwamba ulimwengu mzima umekuja kutupa hongera. Bwana Tjon anasema Kiholanzi ni mwenye nyumba anayewavisha wageni mlangoni. Wengine huwanyang'anya jina na kuwapa lake: Ivoorkust, yaani pwani ya pembe, Oostenrijk, ndiyo Austria, milki ya mashariki. "Mashariki ya nani?" anauliza. "Yake yeye aliyesimama!" Wengine huwashonea mkia: Italië, Brazilië, Bulgarije. Oeganda na Roemenië wamevishwa herufi mbili ili wapate sauti ya u moja, kama jina langu, Soeminah. Peru na Panama wamepita na nguo zao. Na Tsjaad, yaani Chad! "Herufi tatu kwa sauti moja," anasema, "hiyo si nchi, ni chafya."

Kazi yangu ni nukta. Zile nukta mbili juu ya herufi hutiwa mwisho, vibao vyote vikiwa vimekauka, na mkono mmoja tu, maana rangi ikiwa nyepesi kidogo huchuruzika na neno zima limeharibika. Mkono wa Bwana Tjon siku hizi unatikisika. Wangu hautikisiki. Mimi, ambaye chaki ilikuwa inaniruka mkononi mbele ya darasa! Na kibao cha mwisho, cha nchi yetu, amesema nitakiandika mimi peke yangu, chote.

Niambie nifanye nini. Lakini usiniambie nikaseme kweli, hilo nalijua.

Soeminah


Hoogezand
16 Septemba 1975

Minah mdogo wangu,

"Mbah hataki" ndiyo nini? Ukurasa mzima wa salamu za majirani, halafu maneno mawili hayo pale chini kama kinyesi cha nzi! Mama ameisoma barua mpaka karatasi imelegea. Hataki kwa nini? Anaumwa? Kuna mtu anamtia maneno? Ni yule mzee Wagimin na majogoo wake? Nduk, mdogo wangu, wewe mpole mno. Mtu mzima haombwi mara moja. Huombwa mpaka achoke, akichoka anakubali na kujifanya alikuwa amekubali toka mwanzo.

Sisi tu wazima, ila Mama hana raha, hata kula hali vizuri. Baba kapata kazi kiwanda cha kadibodi, anarudi ananuka majani makavu yaliyolowa. Jirani yetu, Bi Dijkema, alituletea keki. Akaniuliza, "Ninyi mmetoka Indonesia?" Nikamwambia Suriname. "Ahaa, Afrika!" Nikaleta atlasi, nikamwonyesha: babu yetu alitoka hapa, tukazaliwa hapa, sasa tuko hapa. Akatazama weee, akasema, "Maskini, mmezunguka dunia nzima mje kuishi mbele ya mfereji." Ana akili kuliko anavyoonekana.

Siti zenu mbili zimeshikwa, tarehe 19 Novemba. Hazitangoja. Andika sababu. Bila sababu Baba hawezi kumjibu mzee wake.

Dada yako,
Ngatmi


Blauwgrond, Paramaribo
27 Septemba 1975

Kwako Yu Ngatmi, dada yangu mpendwa,

Nimemwuliza tena kama ulivyoagiza. Sababu yake ni swala.

Unajua wazee walivyo. Kwao Java, Makka ilikuwa upande wa jua kutua, wakaja na upande huohuo hapa, ambako Makka iko upande wa jua kuchomoza, na mpaka leo hawakubali kugeuka. Sasa Mbah anasema huko Uholanzi hatajua aelekee wapi. Anasema mtu asiyejua aelekee wapi asisafiri.

Niwieni radhi. Mwambie Mama ale.

Mdogo wako,
Soeminah


Nieuw Nickerie
3 Oktoba 1975

Wewe Minah,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye zizi la ng'ombe, nikacheka mpaka ng'ombe akageuka kunitazama. Halafu nikaacha kucheka. Mtoto mpole wa darasa! Ambaye hakuwahi kunakili hata hesabu moja kwangu, na mimi nilikuwa nazinakili zote kwake!

Sasa sikiliza. Mimi mwenyewe shangazi zangu wawili wameondoka, nyumba zao zimepigwa mbao madirishani, na baba yangu kila jioni anauliza, "Nasi je?" halafu anakwenda kuangalia mpunga wake na haongei tena. Kwa hiyo sikucheki kwa kutotaka kwenda. Nakucheka kwa kumsimamisha mzee wa watu mbele yako kama pazia. Mzee huyo aliwahi kunipa nusu ya muwa wake, akala yeye ile nusu ya juu isiyo na utamu. Mtu kama huyo unamsingiziaje?

Umesema nisikwambie ukaseme kweli. Haya, sikwambii. Nakuuliza tu: yeye anajua?

Na unipe jina la nchi lililo refu kuliko yote. Nataka kumtukana nalo kaka yangu.

Roshnie


Hoogezand
9 Oktoba 1975

Minah,

Barua yako ilimkuta Baba mezani. Nikaisoma kwa sauti, kosa langu, nilidhani utasema ni mguu au ni kuku wake. Nilipofika "aelekee wapi" Baba akaweka kijiko chini. Jumamosi nikasikia nyundo juu. Amehamisha kitanda chetu, mimi na wewe tutalala chini sebuleni. Chumba chenye dirisha la magharibi amempa Mbah. Amekipaka rangi, amenunua zulia, amelilaza likitazama dirisha sawasawa. Mtu wa msikiti wa Groningen alimwambia, "Bwana, kutoka hapa Makka ni kusini-mashariki." Baba akamjibu, "Najua ilipo Makka. Mimi namtafutia baba yangu upande wake yeye." Mama alilia jikoni kwa aibu, eti tulifikiria siti na makoti na hatukufikiria hilo.

Kwa hiyo mwambie Mbah: dirisha lipo, zulia lipo. Na kama maneno ya barua hayatoshi, Lik Paidjan, aliyehamia huku kama sisi, anakuja huko mwezi huu kuuza nyumba yake, atapita kwenu kuzungumza naye uso kwa uso. Atarudi kwa ndege yenu, kwa hiyo hata mizigo mtasaidiwa.

Nduk, shika sana jambo hili. Naota ndege inatua na watu wanashuka, wanashuka, na ninyi hammo.

Ngatmi


Blauwgrond, Paramaribo
25 Oktoba 1975

Roshnie,

Uliuliza kama Mbah anajua. Sasa anajua.

Lakini kwanza nikupe jina lako: Tsjechoslowakije, yaani Chekoslovakia. Bwana Tjon alilazimika kuongeza kipande cha ubao. Amekuwa na wasiwasi kweli siku hizi, redio ikitaja nchi yoyote anashuka ngazi mbio. Mwaka huu nchi zinazaliwa kama vifaranga. Msumbiji mwezi wa sita, halafu Kaapverdië, halafu Comoren, halafu Papoea-Nieuw-Guinea, na sasa wanasema Angola mwezi ujao. "Zinanifuata na kibao mkononi!" analalamika. "Na sisi tutamsumbua nani? Kuna mchora vibao mahali, mtu wa watu, anaambiwa sasa hivi: ongeza Suriname."

Wiki iliyopita Mbah alikuja karakana kuniletea chakula, mihogo ya kukaanga na samaki mkavu. Vibao vya nukta vilikuwa vimeegemezwa ukutani vikauke. Unajua Mbah hasomi herufi hizi. Akapita mbele yake polepole, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Hii inasema nini?"

"Italië, Mbah."

"Na hii?"

"Indonesië. Kwenu."

Akainama. "Wakati wetu haikuitwa hivi."

"Iliitwaje?" Bwana Tjon akauliza.

"Mabwana walisema tunatoka Mashariki yao, tunakwenda Magharibi yao. Sisi tulisema nyumbani." Akanyoosha kidole karibu na nukta bila kugusa. "Na haya macho ya nini?"

"Hayo, mzee, ni ili msomaji asimeze herufi mbili kama moja."

"Ni macho," Mbah akasema. "Na Suriname inayo?"

"Haina."

"Ndiyo maana watu wanaondoka tu. Haiwaoni."

Bwana Tjon alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua Lik Paidjan, mjumbe wa akina Baba, amekwisha kufika mjini.

Alikuja Jumapili, na koti lake la Uholanzi kwenye jua hili. Shangazi yetu Lik Saminten, yule muuza supu ya saoto, alikuwepo. Lik Paidjan ni mmoja wa wale wanaoswali kuelekea mashariki, kwa hiyo yeye na Mbah hutaniana siku zote, lakini siku hiyo alianza kwa heshima. "Mbah, watoto wako wamenituma. Wanasema hutaki kwenda kwa sababu ya swala. Eti unaogopa hutajua uelekee wapi."

Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Mbah akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alitazama kama mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili na anajaribu kujua ni kitu gani. Halafu akasema, "Naam. Naogopa."

"Wewe? Miaka yote hii unaipa Makka mgongo, leo ndiyo unajali?"

"Mtu mzima hana ruhusa ya kuogopa?"

"Baba yake Ngatmi amekuwekea dirisha! Zulia! Amepaka rangi!"

Mbah akamgeukia. "Amepaka rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani," akasema, na sauti yake ikakatika kidogo. Lik Saminten akamfokea Lik Paidjan, "Basi mwache mzee, umekuja kumhubiria au kunywa chai?" Ikaisha hivyo.

Walipoondoka nilisubiri Mbah anipige. Hajawahi kunipiga, lakini nilisubiri. Alikuwa anaosha vikombe, kazi yangu hiyo. Akasema, "Nduk, umenivaa mimi kama nguo ya kuazima. Na nguo ya kuazima haisitiri." Akakung'uta kikombe. "Leo nimekufunika kwa sababu kulikuwa na wageni. Lakini mimi nataka kumwona mwanangu. Nataka kuona hiyo kijani. Utanirudisha lini?"

Utanirudisha lini. Siku zinakwenda, Roshnie, na nashika kalamu kila siku. Naandika "Yu Ngatmi" halafu mkono unakwama. Mkono uleule unaotia nukta.

Minah


Hoogezand
2 Novemba 1975

Minah,

Lik Paidjan ametuma habari kwamba Mbah mwenyewe amesema anaogopa. Basi sasa tumejua si maneno yako tu. Nisamehe, maana kuna siku nilidhani humbembelezi vizuri.

Mama hali. Anaweka sahani ya Mbah mezani, eti aizoee nafasi yake. Na Baba jana amesema kama mzee haji, atarudi yeye kukaa naye. Kiwandani wamemwambia akiondoka asirudi. Anasema, "Nitamwachaje baba yangu peke yake na binti anayeogopa hata kivuli?" Mimi nimemwambia mlango ukifungwa atakuwa upande ule na sisi upande huu, akaniambia niache kupiga kelele. Sipigi kelele. Ndiyo sauti yangu.

Anakwenda kuulizia siti Ijumaa ya tarehe 14. Kama kuna neno lolote Mbah anaweza kusema la kumzuia, lifike kabla ya hapo. Tuma hata simu ya maandishi. Tafadhali mdogo wangu.

Ngatmi


Blauwgrond, Paramaribo
9 Novemba 1975

Yu Ngatmi,

Naipeleka barua hii mwenyewe uwanja wa ndege, Zanderij, nimpe mtu anayesafiri leo aitie posta akifika huko, ili iwahi.

Mbah hakukataa. Hajawahi kukataa. Alikubali siku ile ya kwanza nilipomwuliza. Habari ya swala niliitunga mimi. Mbele ya Lik Paidjan alinifunika ili nisiaibike.

Asiyetaka kuja ni mimi. Nataka kubaki hapa. Nina kazi na ninaiweza. Lik Saminten amekubali kuhamia kwetu.

Mwambie Baba asikate tiketi ya kurudi huku. Mbah atakuja tarehe 19 pamoja na Lik Paidjan. Sanduku lake liko tayari tangu Agosti, liko chini ya kitanda.

Sijui niandike nini zaidi. Nimeandika hii mara nyingi ikiwa ndefu na kila ikiwa ndefu ilikuwa uongo.

Soeminah


SIMU YA MAANDISHI
Hoogezand, 13 Novemba 1975

BARUA IMEFIKA. SIJAMWONYESHA MTU. UTASEMA MWENYEWE. BABA ATAPIGA SIMU JUMAPILI SAA NNE ASUBUHI SAA ZENU OFISI YA SIMU PARAMARIBO. UWEPO. NGATMI


Hoogezand
22 Novemba 1975

Soeminah,

Bado nimekukasirikia, kwa hiyo barua hii itakuwa fupi.

Amefika salama. Alishuka mbele ya Lik Paidjan, kofia yake kichwani, anatetemeka kwa baridi na anakataa koti. Mama alimshika miguu palepale uwanjani, watu wakitupita na vigari vya mizigo. Nyumbani hakuuliza choo wala chakula. Aliuliza, "Ile kijani iko wapi?" Akapanda ngazi, akakaa kwenye zulia, akaangalia dirishani. Nje kuna ukuta wa Bi Dijkema na baiskeli yake. Baba akaanza kuomba radhi kwa ajili ya ukuta. Mbah akasema, "Jua linapita juu ya ukuta." Wakakaa wote wawili humo mpaka chai ikapoa.

Baba hajasema lolote juu ya simu yenu. Nimejaribu. Anasema tu, "Alisema mwenyewe." Anaisema kama mtu anayehesabu kitu alichodhani kimepotea.

Jambo moja. Sanduku la Mbah limeandikwa SURINAME kwa rangi nyeupe, herufi nzuri kuliko za dukani, nimejua ni zako. Lakini umetia nukta mbili juu ya E ya mwisho, tena moja imechuruzika mpaka chini. Wewe, ambaye Mbah anasema Bwana Tjon amekupa nukta zote za dunia! Bi Dijkema alivaa miwani akasema, "Hapa pana kosa, mwanangu." Nilileta tepentini nizifute. Mbah akanipiga mkono. Hajanipiga tangu nizaliwe. Ilikuwa ajali ya rangi? Mizigo ilisuguana?

Sahani yako haiko mezani. Mama ameiweka kabatini, rafu ya mbele.

Ngatmi


Blauwgrond, Paramaribo
30 Novemba 1975

Roshnie,

Yote yamekwisha na mimi ningali hapa.

Utataka kujua simu ilikuwaje. Ofisi ilijaa watu, kila kibanda mtu analia au anapiga kelele "Unanisikia?" Mbah alikuja nami, akakaa kwenye benchi nje ya kibanda, mikono juu ya fimbo. Waliita jina langu. Nikasema, "Baba, ni mimi." Akasema, "Sema, mwanangu, dakika zinakwenda." Nikasema, "Mbah hakukataa. Mimi ndiye niliyekataa." Simu ile ina mwangwi. Nilipomaliza kusema, nikaisikia sauti yangu ikirudi kutoka Uholanzi, imefika na kurudi: mimi ndiye niliyekataa. Sikujua kama sauti yangu iko hivyo.

Nikadhani simu imekatika. Halafu Baba akauliza, "Utakula kwa nani?"

"Kwa Lik Saminten."

"Na utalala wapi?"

"Nyumbani kwa Mbah."

Mama akachukua simu. Nilingoja anilaani. Aliuliza, "Paa la jikoni bado linavuja?" Nikasema bado. Akasema, "Weka ndoo," akaanza kulia, dakika zikaisha.

Siku ya uhuru niliandamana nyuma kabisa, pembeni, na kopo la rangi kama kuna kibao kitakwaruzika. Mtoto aliyebeba kibao chetu alikuwa mdogo kuliko kibao, ulikuwa unaona SURINAME inatembea kwa miguu miwili. Herufi zilikaa vizuri. Bila nukta, inavyotakiwa. Bwana Tjon alipita akaitazama akasema, "Hmm." Kwake hiyo ni hotuba.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu. Yu Ngatmi ameniuliza kuhusu sanduku, nami nimemjibu ni rangi ilikuwa nyepesi.

Siku moja kabla ya safari Mbah alileta sanduku karakana, Bwana Tjon akiwa amekwenda kununua misumari. Akasema, "Niandikie ninakotoka, nilitambue likiwa kati ya masanduku ya watu." Nikamwuliza niandike Indonesia au Suriname. Akaniona mpumbavu. "Ninakotoka kesho ni wapi?" Basi nikaandika Suriname. Akaitazama, akasema, "Haina macho."

"Ndivyo inavyoandikwa, Mbah."

"Mimi huenda nisirudi, Nduk. Sanduku litarudi, wewe utahitaji pa kuweka vitu. Litie macho lione njia."

Nikachovya brashi. Nukta ya kwanza ilikaa. Ya pili mkono wangu ulitetemeka, Roshnie. Mara ya kwanza tangu nianze kazi. Nilikuwa nataka kumwambia, nichukue, bado kuna siti, nimekosea. Maneno yalikuwa hapa mdomoni. Rangi ikachuruzika, na Mbah akaifuata kwa macho mpaka iliposimama. Halafu akalichukua sanduku, likiwa bichi vilevile, akatoka.

Wote huko wanaamini nilikuwa na uhakika. Baba anaamini. Hata Mbah, nadhani, anaamini, au anajifanya, kama alivyojifanya mbele ya Lik Paidjan. Waache waamini. Huenda na mimi nitaamini, kesho kuna kazi, redio imesema leo Dahomey imebadili jina na Bwana Tjon ameshika kichwa.

Lakini mkono ulitetemeka. Hilo liwe lako na langu. Ichome barua hii, au ifukie kwenye mpunga, au uile. Usimwambie mtu.

Minah wako